Kutibu Pumzi au Kutibu Moyo? Matatizo ya Upumuaji Usingizini kwa Wagonjwa wa Moyo Kushindwa Kufanya Kazi na Maana Yake kwa Sera za Afya Afrika Mashariki

Ikisiri

Watu wanaoishi na ugonjwa sugu wa moyo kushindwa kufanya kazi mara nyingi hupata pia matatizo ya upumuaji wanapolala. Pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, hurejea, kisha hukatika tena, pengine mamia ya mara katika usiku mmoja. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kuisawazisha pumzi hiyo kwa mashine kungerefusha maisha ya mgonjwa. Majaribio makubwa ya kitabibu yaliyochapishwa kati ya mwaka 2005 na 2024 hayakuthibitisha dhana hiyo, na mojawapo lilionesha kwamba mashine iliyoifanya pumzi itulie iliambatana na ongezeko la vifo. Makala haya yanafafanua aina mbili kuu za tatizo, yanaeleza jinsi moyo na pumzi vinavyoathiriana, yanachambua ushahidi wa tiba, na yanajadili maana ya ushahidi huo kwa nchi za Afrika Mashariki. Hoja inayojengwa ni kwamba aina ya tatizo ndiyo inayoamua tiba. Kwamba hatua ya kwanza katika aina zote mbili ni kuutibu moyo wenyewe kikamilifu. Na kwamba ununuzi wa mashine bila uwezo wa kutofautisha aina hizo unaweza kugharimu fedha na uhai.

Maneno muhimu: moyo kushindwa kufanya kazi, kukatika kwa pumzi usingizini, mashine za upumuaji, majaribio ya kitabibu, sera za afya

1.0 Utangulizi

Moyo kushindwa kufanya kazi hakumaanishi kwamba moyo umesimama. Ni hali ambayo moyo hauwezi tena kusukuma damu ya kutosha kukidhi mahitaji ya mwili, au huweza kufanya hivyo kwa gharama ya kupandisha shinikizo ndani ya vyumba vyake. Dalili zake zinafahamika katika kila wodi ya magonjwa ya ndani: kuhema baada ya kazi ndogo, kuvimba miguu, uchovu, na kushindwa kulala chali bila kuongeza mito.

Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu huwapata watu wangali katika umri wa kuzalisha mali na kulea. Utafiti wa Makubi na wenzake (2014) uliofuatilia wagonjwa 427 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ulibaini kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na kwamba chanzo kikuu, kwa asilimia 45 ya wagonjwa, kilikuwa shinikizo la juu la damu. Utafiti wa THESUS-HF (Damasceno na wenzake, 2012) ulioandikisha wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, ulipata wastani wa umri wa miaka 52, na takribani wagonjwa 18 kati ya kila 100 walifariki ndani ya siku 180. Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini mgonjwa wa kawaida wa hali hii ana umri wa miaka 70 au zaidi.

Wagonjwa hao huulizwa kliniki kuhusu miguu, kifua na dawa, lakini ni nadra kuulizwa namna wanavyopumua usiku. Hata hivyo, tatizo ni kubwa. Nchini Ujerumani, Oldenburg na wenzake (2007) waliwapima wagonjwa 700 ambao nguvu ya moyo wao ilikuwa imepungua, wakakuta asilimia 76 wana tatizo la upumuaji usingizini. Sajili nyingine ya nchi hiyo iliyohusisha wagonjwa 6,876 (Arzt na wenzake, 2016) ilikuta tatizo la kiwango cha kati hadi kikali kwa asilimia 46. Wagonjwa wenye tatizo hili hulazwa zaidi na hufariki mapema zaidi kuliko wasio nalo.

Swali linalozuka ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: je, kuitibu pumzi kunamsaidia mgonjwa wa moyo? Jibu lina uzito wa pekee sasa, kwa kuwa nchi za ukanda huu zinapanua huduma za magonjwa ya moyo na zinaamua vifaa gani viingie katika orodha za ununuzi na vitita vya bima.

2.0 Aina Mbili za Tatizo na Suala la Istilahi

Kiswahili kina maneno ya siku nyingi yanayogusa jambo hili. Kuna kukoroma, ambako wengi hukuchukulia kuwa dalili ya usingizi mzito, kuna kukabwa, na kuna jinamizi. Maneno hayo yanaeleza kinachosikika au kinachohisiwa, lakini hayatofautishi chanzo. Kwa kuwa tofauti ya chanzo ndiyo inayoamua tiba, makala haya yanatumia istilahi tatu. Kukatika kwa pumzi ni kukoma kwa mkondo wa hewa kwa sekunde 10 au zaidi. Kufifia kwa pumzi ni kupungua kwa mkondo huo kwa muda kama huo, kukiambatana na kushuka kwa oksijeni au kuzinduka. Jumla ya matukio hayo kwa kila saa ya usingizi inaitwa hapa fahirisi ya pumzi. Kwa kawaida fahirisi ya 5 hadi chini ya 15 huhesabiwa kuwa tatizo dogo, 15 hadi 30 la kati, na zaidi ya 30 kali.

Aina ya kwanza ni kukatika kwa pumzi kwa kuziba. Ubongo hutoa amri ya kupumua, misuli ya kifua huitikia, lakini njia ya hewa nyuma ya ulimi imelegea na kufungana. Kifua huhangaika bila hewa kupita, mpaka mgonjwa anapozinduka nusu, mara nyingi kwa mkoromo wa kishindo.

Aina ya pili ni kukatika kwa pumzi kwa chanzo cha ubongo. Hapa njia ya hewa iko wazi. Kinachokosekana ni amri yenyewe. Kifua hutulia tuli kana kwamba kimesahau kazi yake, kisha pumzi hurejea polepole, huongezeka kina hadi kilele, hufifia, na kukoma tena. Mtindo huu wa kupanda na kushuka ulielezwa na daktari John Cheyne wa Dublin mwaka 1818, na kufafanuliwa na William Stokes wa mji huohuo mwaka 1854. Ndiyo maana hadi leo huitwa upumuaji wa Cheyne na Stokes. Aina ya kwanza huwapata watu wengi wasio na ugonjwa wa moyo, hasa wenye unene uliopindukia. Aina ya pili, kwa mtindo huu, ni alama ya moyo uliodhoofika. Katika utafiti wa Oldenburg uliotajwa, asilimia 36 ya wagonjwa walikuwa na aina ya kwanza na asilimia 40 aina ya pili. Wapo pia wenye zote mbili kwa usiku mmoja.

3.0 Jinsi Moyo na Pumzi Vinavyoathiriana

Uhusiano wa moyo na pumzi ni wa pande mbili. Katika aina ya kuziba, mgonjwa anapovuta hewa dhidi ya koo lililofungwa, shinikizo ndani ya kifua hushuka sana. Chemba ya kushoto ya moyo hulazimika kusukuma damu dhidi ya mvuto huo, na hivyo mzigo wake huongezeka. Wakati huohuo oksijeni hushuka, mfumo wa neva wa simpathetiki huamka, mishipa hubana na shinikizo la damu hupanda. Moyo uliohitaji usiku wa kupumzika hufanyishwa kazi ngumu hadi alfajiri.

Katika aina ya chanzo cha ubongo, mwelekeo huanzia kwa moyo. Moyo unaposhindwa kusukuma, maji hurundikana katika mapafu na kuchochea neva zinazoamuru pumzi ya haraka. Mgonjwa hupumua kupita kiasi na kuondoa kaboni dayoksaidi nyingi kutoka katika damu. Gesi hiyo ndiyo inayouambia ubongo wakati wa kupumua. Ikishuka chini ya kizingiti fulani usingizini, amri hukoma. Pumzi inapokoma, gesi hujikusanya upya, lakini kwa kuwa damu inazunguka polepole, taarifa huufikia ubongo ikiwa imechelewa. Ubongo huitikia kwa nguvu kuliko inavyohitajika, gesi hushuka tena, na mzunguko hurudiwa kila baada ya sekunde 45 hadi 90 hivi. Kadiri moyo unavyokuwa dhaifu, ndivyo mzunguko unavyorefuka.

Kiungo kingine cha pande hizi mbili ni maji. Mchana, mgonjwa akiwa amesimama au ameketi, maji hukusanyika miguuni. Usiku anapolala, sehemu ya maji hayo hurudi juu. Yakifika shingoni hubana njia ya hewa na kuchangia aina ya kuziba. Yakifika katika mapafu huchochea aina ya chanzo cha ubongo. Maelezo haya, yaliyojengwa zaidi na watafiti wa Toronto, yanaonesha kwa nini mgonjwa mmoja anaweza kubadilika aina kadiri hali ya maji mwilini inavyobadilika, na kwa nini dawa ya kupunguza maji inaweza kuwa pia dawa ya usingizi wake.

4.0 Utambuzi

Dodoso zinazotumika kwa watu wa kawaida hazitoshi kwa mgonjwa wa moyo. Dodoso la Epworth, lililotungwa Australia na Murray Johns mwaka 1991, hupima usinziaji wa mchana. Wagonjwa wengi wa moyo wenye tatizo kali hawasinzii; huhisi uchovu tu, na uchovu huo huhesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa wa moyo. Dodoso la STOP-BANG, lililotokea Toronto mwaka 2008, hutegemea kukoroma, uzito, umri na mzingo wa shingo, na lilikusudiwa kubaini aina ya kuziba. Mgonjwa mwembamba mwenye moyo dhaifu sana, asiyekoroma, hupita katika chujio hilo bila kuonekana.

Kipimo kamili ni polisomnografia, yaani upimaji wa usiku mzima unaorekodi mawimbi ya ubongo, mkondo wa hewa, mwendo wa kifua na tumbo, oksijeni na mapigo ya moyo. Maabara za aina hiyo ni chache katika ukanda huu na ziko katika miji mikubwa. Kifaa cha kubebeka chenye mkanda wa kifua, mrija wa puani na kipima oksijeni cha kidoleni kinaweza kutumika wodini au nyumbani. Umuhimu wa mkanda wa kifua ni mkubwa: ndio unaoonesha kama kifua kilihangaika au kilitulia hewa ilipokoma, yaani ndio unaotofautisha aina mbili.

Kipima oksijeni cha kidoleni pekee, kilichoenea hospitalini tangu janga la UVIKO-19, kinaweza kuonesha mawimbi ya oksijeni kupanda na kushuka, lakini hakiwezi peke yake kuthibitisha chanzo. Aidha, vipimo vya oksijeni havina budi kusomwa kwa kuzingatia mwinuko wa mahali. Kigali na Nairobi ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha kuanzia cha oksijeni huko kinaweza kuwa chini kidogo kuliko cha Mombasa au Tanga.

Palipo na uhaba wa vifaa, shahidi wa karibu ni anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Maswali matatu yanayoulizwa kwa lugha nyepesi yana thamani: Je, pumzi yake hukatika? Inapokatika, kifua huhangaika au hutulia? Je, hurejea kwa kishindo cha mkoromo, au polepole kama wimbi? Majibu hayachukui nafasi ya kipimo, lakini huonesha nani apimwe kwanza.

5.0 Ushahidi wa Tiba

5.1 Kuutibu moyo kwanza

Hatua isiyo na ubishi ni kukamilisha tiba ya moyo. Dawa za kupunguza maji kama furosemaidi hupunguza msongamano katika mapafu. Dawa za kuzuia beta na nyingine zinazopunguza mzigo wa moyo huimarisha mzunguko wa damu na kufupisha ucheleweshaji wa taarifa uliotajwa. Kifaa kinachooanisha mapigo ya chemba mbili za moyo, kwa mgonjwa anayekihitaji, hupunguza pia kukatika kwa pumzi kwa chanzo cha ubongo. Hatua hizi zina sifa ambayo mashine yoyote ya pumzi haijathibitisha kwa wagonjwa hawa: nyingi kati ya dawa za moyo dhaifu zimeonekana kurefusha maisha. Hivyo, kumpima mgonjwa pumzi kabla ya kumwondolea maji na kumpa dawa kwa dozi inayostahili kunaweza kupima matokeo ya tiba pungufu badala ya tatizo la kudumu.

Hatua za kitanda nazo zisipuuzwe. Kulala ubavu na kuinua kichwa cha kitanda hupunguza matukio kwa baadhi ya wagonjwa. Pombe na dawa za kulevya usingizi hulegeza koo, na dawa za maumivu za jamii ya afyuni zinaweza kuzuia amri ya pumzi.

5.2 Mashine ya shinikizo endelevu kwa aina ya kuziba

Mashine inayojulikana hospitalini kwa jina la CPAP ilielezwa na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney mwaka 1981. Husukuma hewa kupitia barakoa kwa shinikizo lisilobadilika na kuliacha koo wazi. Kwa wagonjwa wa moyo wenye aina ya kuziba, jaribio dogo la Kaneko na wenzake (2003) lililohusisha watu 24 lilionesha kwamba baada ya mwezi mmoja, kiwango cha damu inayosukumwa na chemba ya kushoto kwa kila pigo kilipanda kutoka asilimia 25 hadi 34 hivi, na shinikizo la damu la juu likashuka kutoka 126 hadi 116.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini hayajaonesha urefu wa maisha. Jaribio la SAVE (McEvoy na wenzake, 2016), lililohusisha watu 2,717 wenye aina ya kuziba pamoja na ugonjwa wa mishipa ya moyo au ya ubongo, halikuona upungufu wa vifo wala wa matukio ya moyo. Washiriki walitumia mashine kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Kwa sasa, basi, mashine hii ina nafasi kwa mgonjwa wa moyo mwenye aina ya kuziba kwa ajili ya kuboresha usingizi, kupunguza usinziaji na kusaidia kudhibiti shinikizo la damu. Mgonjwa asiahidiwe zaidi ya hayo.

5.3 Mashine hiyohiyo kwa aina ya chanzo cha ubongo: CANPAP

Jaribio la CANPAP (Bradley na wenzake, 2005) liliwahusisha wagonjwa 258 wenye moyo dhaifu na kukatika kwa pumzi kwa chanzo cha ubongo. Mashine ilipunguza matukio, ikaongeza kidogo nguvu ya moyo na umbali wa kutembea kwa dakika sita, na ikashusha homoni za msongo. Hata hivyo, idadi ya walioishi bila kubadilishiwa moyo haikutofautiana na ya kundi la ulinganisho. Uchambuzi uliofanywa baadaye (Arzt na wenzake, 2007) ulionesha kwamba wagonjwa ambao fahirisi yao ilishuka chini ya 15 waliishi vizuri zaidi. Kutokana na hapo lilizaliwa tumaini jipya: labda mashine haikuwa na nguvu ya kutosha, na labda mashine bora zaidi ingeonesha faida.

5.4 Mashine inayojirekebisha: SERVE-HF na ADVENT-HF

Mashine hiyo bora ilikuwepo. Mashine ya upumuaji inayojirekebisha hufuatilia kila pumzi; inapofifia huongeza msukumo, inapozidi huupunguza, na inapokoma hupumua kwa niaba ya mgonjwa. Jaribio la SERVE-HF (Cowie na wenzake, 2015) liliwagawa kwa nasibu wagonjwa 1,325 wenye moyo dhaifu na tatizo ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa la chanzo cha ubongo. Kwa kigezo cha pumzi, mafanikio yalikuwa makubwa: fahirisi ilishuka kutoka wastani wa 31 hadi chini ya 7 baada ya mwaka mmoja.

Kwa kigezo cha uhai, matokeo yalikuwa kinyume. Katika kundi la mashine walifariki asilimia 34.8, na katika kundi la ulinganisho asilimia 29.3. Vifo vitokanavyo na moyo na mishipa vilikuwa asilimia 29.9 dhidi ya 24.0, sawa na ongezeko la hatari la asilimia 34. Kwa hesabu ya karibu, kwa kila wagonjwa 18 waliopewa mashine, alifariki mmoja zaidi katika kipindi cha ufuatiliaji ambacho kwa kati kilikuwa miezi 31. Vingi kati ya vifo hivyo vya ziada vilikuwa vya ghafla. Mei 2015, kabla ya matokeo kamili kuchapishwa, mtengenezaji alitoa tahadhari kwa madaktari, na tangu mwaka 2016 miongozo ya Ulaya haipendekezi mashine hiyo kwa wagonjwa wa kundi hilo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 unaiweka miongoni mwa tiba zenye madhara kwao.

Maelezo mawili hutolewa. La kwanza ni kwamba upumuaji wa Cheyne na Stokes unaweza kuwa njia ya mwili kujihami: kupumua kwa kina kisha kupumzika kunaweza kusaidia moyo na misuli ya pumzi iliyochoka. Matthew Naughton wa Melbourne alikuwa ameijadili hoja hiyo mwaka 2012, kabla ya matokeo kujulikana. Kwa mtazamo huo, aliyenyoosha pumzi alimnyang'anya mgonjwa fimbo aliyokuwa akiiegemea. Maelezo ya pili ni kwamba shinikizo la hewa kifuani hupunguza damu inayorudi kwenye moyo, na moyo dhaifu usio na maji ya ziada hauvumilii upungufu huo.

Jaribio la ADVENT-HF (Bradley na wenzake, 2024) lilitumia mashine ya kizazi cha baadaye yenye msukumo mpole zaidi kwa wagonjwa 731 wa aina zote mbili. Halikuonesha ongezeko la vifo, lakini pia halikuonesha upungufu wa vifo wala wa kulazwa. Lililoboreka ni usingizi na ubora wa maisha. Jaribio hilo lilikatizwa kabla ya kukamilika kwa sababu mashine iliyotumika iliondolewa sokoni Juni 2021 kutokana na kasoro ya sifongo ya kupunguza kelele. Hivyo, ADVENT-HF halijaifuta tahadhari ya SERVE-HF; limeonesha tu kwamba si kila mashine ina hatari sawa.

5.5 Njia nyingine

Oksijeni ya usiku hupunguza matukio ya aina ya chanzo cha ubongo, lakini haijathibitishwa kurefusha maisha. Asetazolamaidi, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza fahirisi katika jaribio la wagonjwa 12 (Javaheri, 2006); ushahidi huo ni mdogo mno kuwa msingi wa sera. Kifaa kinachopandikizwa mwilini ili kusisimua neva ya kiwambo cha moyo kiliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Katika jaribio lililowahusu watu 151, takribani nusu ya waliowashiwa kifaa walipungukiwa matukio kwa nusu au zaidi, ikilinganishwa na asilimia 11 ya ambao hawakuwashiwa. Kifaa hicho nacho hakijaonesha kupunguza vifo.

6.0 Maana ya Ushahidi kwa Afrika Mashariki

Jambo la kwanza ni umbali kati ya wagonjwa wa majaribio na wagonjwa wa ukanda huu. Wastani wa umri wa washiriki wa SERVE-HF ulikuwa miaka 69 hivi, na tisa kati ya kumi walikuwa wanaume. Katika utafiti wa Muhimbili takribani nusu walikuwa wanawake, chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu, na baadhi, asilimia 12, walikuwa na ugonjwa wa valvu utokanao na homa ya baridi yabisi. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba tahadhari ya SERVE-HF haiwahusu wagonjwa wa Afrika Mashariki. Dalili ya madhara iliyopatikana kwa jaribio la nasibu inapaswa kuheshimiwa hadi ushahidi wa kinyume upatikane. Maana yake ni kwamba ukubwa wa tatizo na mgawanyo wa aina zake lazima upimwe hapa, badala ya kuazimwa kutoka Ujerumani au Kanada.

Jambo la pili ni mpangilio wa matumizi. Mashine ya usingizi inahitaji umeme wa usiku kucha, barakoa na mipira inayobadilishwa, na fundi wa kuirekebisha. Kuondolewa sokoni kwa mashine ya ADVENT-HF ni funzo kwa nchi zinazoagiza kila kipuri kutoka nje: mradi wote unaweza kusimama kwa uamuzi uliofanywa katika bara jingine. Kwa upande wa pili, furosemaidi, spironolaktoni, enalaprili na bisoprololi zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kituo kinachoishiwa furosemaidi huku kikisubiri mashine ya usingizi kimeweka la mwisho mbele.

Jambo la tatu ni mahali pa kutolea huduma. Rwanda imeonesha tangu katikati ya miaka ya 2000 kwamba wauguzi waliofunzwa katika hospitali za wilaya wanaweza kuwafuatilia wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi na kurekebisha dozi zao chini ya usimamizi wa madaktari. Uzoefu huo ulichangia mkakati wa PEN-Plus, ambao nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ziliupitisha Agosti 2022. Katika kliniki kama hizo, maswali matatu kuhusu pumzi ya usiku yanaweza kuongezwa katika fomu iliyopo bila gharama yoyote ila ya mafunzo.

Jambo la nne ni kutofautisha dharura na tiba ya kudumu. Mgonjwa anayeletwa usiku akiwa amejaa maji katika mapafu anaweza kusaidiwa na shinikizo la hewa kwa saa chache hospitalini. Tahadhari iliyojadiliwa haihusu matumizi hayo, na itakuwa hasara iwapo hofu ya mashine moja itawanyima wagonjwa wa dharura msaada wa nyingine.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia ya tiba hii inaonesha hatari ya kukiamini kipimo badala ya mgonjwa. Fahirisi ya pumzi ilishuka na vifo vikapanda. Kwa mgonjwa wa moyo, kukatika kwa pumzi kunaweza kuwa ugonjwa unaohitaji tiba yake au dalili ya moyo unaoomba tiba zaidi, na mashine haijui tofauti hiyo. Makala haya yanapendekeza yafuatayo:

(i) Kila mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi aulizwe kuhusu pumzi ya usiku, pamoja na anayelala naye chumbani, bila kutegemea dodoso la usinziaji pekee.

(ii) Upatikanaji wa dawa za msingi za moyo uwe sharti la kwanza kabla ya uwekezaji wowote katika mashine za usingizi.

(iii) Hospitali za rufaa zianze na vifaa vya kubebeka vyenye mkanda wa kifua, ili aina ya tatizo ijulikane kabla ya tiba kuagizwa.

(iv) Mifuko ya bima igharimie mashine ya shinikizo endelevu kwa aina ya kuziba iliyothibitishwa na yenye dalili, na isigharimie mashine inayojirekebisha kwa wenye moyo dhaifu na aina ya chanzo cha ubongo.

(v) Taasisi za moyo za Dar es Salaam, Kampala, Nairobi na Kigali zishirikiane katika sajili moja ya kikanda itakayobainisha ukubwa wa tatizo, aina zake na hatima ya wagonjwa.

(vi) Wanaisimu na wataalamu wa afya wasanifishe istilahi za Kiswahili za uwanja huu. Mgonjwa anayeambiwa tu kwamba anakoroma hataelewa kwa nini jirani yake amepewa mashine naye akaongezewa dawa ya maji. Anayeelezwa kwamba yeye pumzi yake hukatika kwa sababu moyo umechoka, huku ya jirani ikizibwa na koo, ataelewa.